Fimbo ya Gofu Iliyochubuka

Katika miaka ya kushika fimbo za gofu zilizopita mikononi mwa watu wengi, za wanachama wa vilabu na za makedi wanaowabebea mikoba, mpya kutoka dukani na za mtumba zilizofika na rangi nusu, nimefikia msimamo ambao sasa nautetea bila kusita: rangi ya fimbo ikichubuka, itengenezwe nyumbani, na itengenezwe pale tu ilipochubuka. Isizidi hapo hata kwa upana wa ukucha. Nusu ya kwanza ya msimamo huu inapingwa na wale wasemao kwamba rangi haipigi mpira, hivyo kuihangaikia ni kupoteza jioni bure. Nusu ya pili inapingwa na wale ambao wakishashika msasa hawaoni sababu ya kuishia njiani: kama ni kupaka, basi fimbo yote ivuliwe na kupakwa upya. Pande zote mbili zina hoja za kweli, na ndizo zilizonilazimisha kuipima yangu.

Kwanza lazima kujua ni nini hasa kilichoharibika, maana kazi nyingi hupotea hapo. Kichwa cha draiva, fimbo ya kupigia mbali, kina uso unaopiga mpira, utosi unaotazamwa na mchezaji anaposimama, na unyayo unaofagia nyasi. Mpira ukikutwa na ukingo wa juu wa uso, ama kwa sababu umeinuliwa mno juu ya kijiti chake, ama kwa sababu fimbo imeshuka wima mno, hupaa juu badala ya kwenda mbele na huacha alama mwanzoni mwa utosi. Hakuna alama inayowauma wachezaji kama hiyo, kwa kuwa iko mbele ya macho yao kila wanapojiandaa kupiga. Lakini si kila alama ni jeraha. Ganda la mpira wa gofu ni plastiki, ya ayonoma au ya yurethini, na likigongana na rangi ngumu mara nyingi ganda ndilo linaloacha utando wake juu ya rangi. Vijiti vya plastiki vya kuinulia mpira navyo huacha mistari ya rangi zake. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha kitambaa chenye spiriti kidogo, huondoa sehemu kubwa ya hayo, na wapo wanaonunua rangi ya kufunika uchafu ambao ungetoka kwa kitambaa.

Kinachobaki kipimwe kwa ukucha. Ukipita bila kukwama, mkwaruzo umo ndani ya klia, lile koti la juu lisilo na rangi, na dawa ya kung'arishia magari inatosha, mradi utosi wenyewe ni wa kung'aa. Kwenye utosi uliotengenezwa using'ae, dawa hiyohiyo huacha baka linalometa na halifutiki. Mkwaruzo wa hapo ni afadhali uachwe. Ukucha ukikwama, na praima au chuma kikaonekana chini, hapo ndipo penye kazi ya rangi. Na zikionekana nyuzi nyeusi za kaboni zilizokatika, au utosi ukiwa umebonyea, rangi si dawa yake tena na kuipaka ni kuficha ugonjwa.

Sasa nimjibu anayesema rangi haipigi mpira. Ni kweli kwamba mpira hauijui rangi, ila mchezaji anaijua. Mwaka 2011 kampuni ya TaylorMade ilitoa draiva yake ya R11 yenye utosi mweupe na uso mweusi, na sababu iliyoitoa ilikuwa ya macho: weupe dhidi ya weusi hulisaidia jicho kuona uso umeelekea wapi. Mtu anaweza kubishana na biashara iliyo nyuma ya maneno hayo, lakini hawezi kubisha kwamba mstari unaoutenga utosi na uso ndio anaoutumia mchezaji kulenga. Rangi ikimeguka kwenye mstari huo upande mmoja tu, umbo huonekana limepinda ingawa chuma hakijapinda hata kidogo, na mikono huanza kurekebisha kosa lisilokuwepo. Chubuko la nyuma ya utosi halina madhara hayo. La mbele linayo, na nafasi yake tu inatosha kulifanya lisiwe la urembo peke yake. Zaidi ya hayo, chubuko lisiloshughulikiwa halikai kama lilivyo. Kingo zake zimeshaachia, na kila kifuniko kinapovutwa juu ya kichwa, au fimbo nyingine inapoligonga ndani ya mkoba, kipande kingine hutoka.

Ipo pia sababu ya mfuko. Draiva mpya ya kampuni kubwa huuzwa karibu dola 600 za Marekani kabla ya usafiri na ushuru. Kenya, ambako klabu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906 na mashindano ya Kenya Open yanachezwa tangu 1967, wachezaji wengi wa kulipwa walianza wakiwa makedi, na kedi huanza na fimbo ya kupewa au ya kununua ikiwa imeshatumika. Kwa mtu huyo kumwambia anunue nyingine si ushauri. Fimbo aliyonayo ndiyo itakayompeleka kwenye mashindano yake ya kwanza, na anastahili kuisimamia akiwa na imani nayo. Nalisema hili kwa uzito, kwa kuwa nimechoka kusikia utunzaji wa vifaa ukitajwa kama jambo la wenye nacho.

Wapo wanaoogopa upande mwingine: kwamba rangi itaongeza uzito na kuharibu mizani ya fimbo. Hofu hii inafaa kupigiwa hesabu, kwa sababu jibu lake linaamua nusu ya mjadala. Kichwa cha draiva kina gramu 200 hivi, na watengenezaji fimbo huhesabu kwamba gramu mbili zikiongezwa kichwani husogeza mizani ya fimbo kwa hatua moja. Chukua chubuko la sentimita moja ya mraba, ulijaze rangi ya unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita: unapata kama sehemu moja ya mia ya gramu. Hakuna mkono wa binadamu unaoisikia tofauti hiyo. Sasa chukua utosi mzima, tuseme sentimita 100 za mraba, uutie fila, praima, rangi na klia mpaka unene ufike sehemu tatu za kumi za milimita, jambo la kawaida kwa mkono usio na mazoezi. Hapo umeongeza gramu tatu hadi nne, karibu hatua mbili za mizani, isipokuwa umeivua rangi ya zamani yote, na huko kuivua ndiko kwenye hatari kubwa zaidi. Kwa hiyo hofu ya uzito ni ya kweli kwa anayepaka kila mahali, na haina msingi kwa anayetengeneza chubuko tu.

Desturi ya kuvua fimbo yote na kuipaka upya haikutoka hewani. Ina asili yenye heshima. Kwa muda mrefu wa karne ya ishirini vichwa vya draiva vilichongwa kwa mti wa pasimoni, na mbao hunywa maji. Vanishi ikipasuka, unyevu wa nyasi za asubuhi uliingia, mbao ikavimba, na bamba la chuma chini ya unyayo likaanza kulegea. Fundi wa klabu aliyevua vanishi yote, akakausha mbao, akatia rangi ya mbao na kuifunga upya kwa vanishi, alikuwa akiokoa fimbo. Mwaka 1979 Gary Adams alianzisha TaylorMade kwa draiva ya chuma, na katika miaka michache iliyofuata mbao zikaanza kuondoka viwanjani. Mafundi waliendelea na desturi ya mbao juu ya vichwa vya chuma, ingawa sababu yake ilikuwa imekwisha. Titani ya vichwa vya leo haipati kutu na kaboni yake hainywi maji kama mbao. Chubuko kwenye vichwa hivi halifungui mlango wa uharibifu wa ndani, kwa hiyo hakuna cha kuokoa kwa kuvua fimbo nzima.

Na hasara ipo. Utosi wa titani una unene wa karibu nusu milimita tu. Utosi wa kaboni ni tabaka chache nyembamba za nyuzi zilizoshikwa kwa gundi ya epoksi, na msasa unaopita rangi ukazifikia nyuzi unakata nguvu ya kichwa chenyewe. Dawa za kuvulia rangi hazijui tofauti kati ya rangi na gundi: zinazolainisha rangi ngumu zinaweza kuilainisha epoksi inayoshika utosi kwenye mwili wa kichwa, au shafti ya grafiti, yaani mpini, ndani ya shingo yake. Joto nalo hufanya vivyo hivyo, na ndilo ambalo mafundi hulitumia kwa makusudi wanapotaka kung'oa shafti. Dawa moja maarufu ya kuvulia rangi, methilini kloridi, ni hatari kwa mtu mwenyewe kiasi kwamba Marekani ilipiga marufuku mwaka 2019 kuuzwa kwake kwa watu wa kawaida kwa kazi hiyo, baada ya watu kufa kwa kuvuta mvuke wake ndani ya vyumba vilivyofungwa. Sioni urembo wa fimbo unaostahili kuwekwa kwenye mizani pamoja na hayo.

Anayependa kupaka upya atasema: basi nitakwangua taratibu kwa mkono, sitatumia dawa wala joto. Hata akiepuka hayo yote, anabaki na tatizo la koti la mwisho, na kwangu hili ndilo linalokata shauri. Rangi ya kiwandani ilipulizwa mahali pasipo vumbi na kukaushwa kwa joto lililopimwa, kwa hiyo ni ngumu. Klia inayoweza kuikaribia kwa ugumu ni ile ya kuchanganya vitu viwili, rangi na kigumisho chake, na kigumisho hicho kina isosianati, kemikali inayodhuru mapafu na inayoweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Mafundi wa magari wenye kujali afya zao huipuliza wakiwa na kinyago cha kupitishiwa hewa safi. Klia za kopo moja zinazopulizwa uani bila hatari kubwa kiasi hicho ni laini, na siku za kwanza tu za mkoba na mchanga zinazichubua. Maana yake ni kwamba koti gumu halifai kupulizwa nyumbani, na koti linalofaa kupulizwa nyumbani si gumu. Anayevua rangi nzima ya kiwandani anabadilisha kitu bora kwa kitu duni kwenye eneo lote, ili tu aondoe kasoro ya ukubwa wa punje ya mahindi. Anayejaza chubuko anaweka kitu laini mahali ambapo hapakuwa na kitu, na koti gumu la kiwandani linabaki kukizunguka na kukikinga.

Kazi yenyewe ni ya subira kuliko ustadi. Kingo zilizoachia ziondolewe kwa ncha ya kijiti cha meno. Chini ya chubuko pakwaruzwe kidogo kwa msasa wa namba 600 uliokatwa mdogo kuliko chubuko lenyewe, ili rangi ipate pa kushika, maana titani laini haiipendi rangi. Tepe ya karatasi ikinge uso na mstari wa mbele. Kisha spiriti, na baada ya hapo vidole visiguse. Rangi ya kopo dogo la kurekebishia magari ni nzuri. Rangi ya kucha nayo ni nzuri kuliko inavyodhaniwa, na ina nasaba ya kuitetea. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ilileta Duco, rangi ya magari ya nitroselulosi iliyokauka kwa saa badala ya siku nyingi, na rangi ya kucha ya kawaida ni ya ukoo huohuo. Ipimwe kwanza kwenye karatasi na iachwe ikauke, kwa kuwa rangi mbichi na rangi kavu hazifanani. Nyeusi ya kawaida hulandana kwa urahisi. Rangi zenye chembe za metali hazilandani kamwe kwa brashi, kwa sababu chembe hulala namna nyingine zinapopulizwa, na mwenye fimbo ya namna hiyo akubali doa lililotulia badala ya chubuko linalometa. Itiwe kwa matone membamba, tone likauke ndipo lije jingine, mpaka chubuko lijae na kuzidi kidogo tu. Tone nene hukauka juu na kubaki bichi ndani, na siku zinazofuata hukunjamana.

Hali ya hewa iangaliwe kwa makini, hasa pwani. Kiyeyushi kinapopaa kutoka kwenye rangi ya namna hii hupooza uso wake, na hewa ya Mombasa au Dar es Salaam wakati wa masika ina mvuke wa kutosha kugeuka umande juu ya rangi mbichi. Matokeo ni ukungu mweupe ndani ya rangi nyeusi, na wengi huulaumu ubora wa kopo. Kazi ingoje mchana mkavu. Na rangi ya mafuta, ile inayokauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, isidhaniwe imekomaa kwa sababu haishiki kidole: inahitaji wiki au zaidi kabla ya kusawazishwa. Ikishakomaa, msasa wa namba 2000 wenye maji, uliofungwa kwenye kipande kigumu kidogo kama kifutio, upite juu ya kilima cha rangi peke yake, kisha dawa ya kung'arisha, kama utosi ni wa kung'aa.

Litatokea pingamizi kwamba chubuko lililojazwa bado linaonekana. Linaonekana, kwa anayeliinua mpaka puani akaligeuza kwenye mwanga. Mchezaji haitazami fimbo hivyo. Anaitazama kutoka kimo cha macho yake mpaka kwenye nyasi, na kwa umbali huo rangi iliyolandana kwa kiasi cha kutosha hupotea, wakati utosi uliopakwa wote kwa kung'aa, mahali ambapo kiwanda kiliuacha bila mng'ao, humrudishia jua la saa sita usoni kila anaposimama.

Fimbo za chuma za kupigia karibu zaidi kuliko draiva zina hesabu tofauti kidogo. Vichwa vyake hugongana ndani ya mkoba, na mikwaruzo ya kwenye kromu haina rangi ya kutibu. Rangi juu ya kromu laini hubanduka. Kinachotengenezeka ni namba na maandishi yaliyochongwa na kujazwa rangi. Rangi ya zamani ichokolewe kwa kijiti, mpya idondoshwe mpaka ifurike, kisha kabla haijakomaa kitambaa kilichokazwa kwenye kadi ngumu, chenye unyevu wa kiyeyushi tu, kipite kwa kukatisha herufi. Kikipita kwa kufuata urefu wake, kinaivuta rangi nje. Hii ndiyo kazi bora ya kuanzia, kwa kuwa ikikosewa inafutika yote bila kuacha alama. Tofauti moja muhimu ni fimbo za chuma laini kilichofuliwa: kromu ikitoboka, chuma hicho hupata kutu, na kwenye viwanja vya pwani hewa ya chumvi huiharakisha. Hapo tatizo si la urembo. Dawa yake ni kukausha na kupaka mafuta membamba kila baada ya mchezo, wala rangi haiponyi kitu.

Uso wa fimbo usiguswe kabisa, na hapa sheria iko wazi kuliko maoni yangu. Kanuni za vyombo viwili vinavyotunga sheria za gofu, R&A na shirika la gofu la Marekani, USGA, hazimnyang'anyi mtu fimbo halali kwa sababu imechakaa kwa matumizi ya kawaida, na hazimkatazi kuitengeneza nyumbani baada ya mchezo; zinachokataza ni kuibadili tabia yake kwa makusudi katikati ya raundi. Lakini zinaweka mipaka ya ukwaruzi wa eneo linalopiga mpira, na ya kina na kingo za mifereji yake. Msasa ukiteleza kutoka utosini hadi usoni, kazi ya urembo imegeuka kuwa mabadiliko ya kifaa. Ndiyo maana tepe hutangulia rangi, na ndiyo maana pia simpelekei fundi wa gereji kazi hii hata akiwa hodari kuliko mimi. Amezoea paneli ya gari, ambako kulainisha eneo pana kuzunguka chubuko ndiyo njia sahihi, na atafanya hivyohivyo kwenye kichwa ambacho hakina eneo pana la kutoa.

Linabaki swali la uadilifu: je, anayejaza chubuko na kisha kuiuza fimbo hamdanganyi mnunuzi? Anamdanganya akinyamaza. Wanunuzi wengi wa fimbo zilizotumika huipunguzia bei ile iliyopakwa upya yote, na wana haki, kwa sababu chini ya rangi mpya panaweza kuwa na ufa, kuna fimbo bandia sokoni, na rangi nene juu ya shingo huweza kufunika namba ya kiwanda. Chubuko moja lililojazwa halifichi lolote kati ya hayo, namba iko palepale, kingo za rangi ya kiwandani zinaonekana pande zote, na muuzaji anaweza kusema ni wapi hasa brashi ilipita na ilipita na nini.